Mama mkwe alinitilia maziwa kwenye uji kwa siri, na mtoto hakudhurika. Sasa niendelee kujinyima?

Mshauri mpendwa,

Nina miaka 29 na ninaishi Donholm na mume wangu pamoja na binti yetu wa miezi mitano. Ni mtoto wetu wa kwanza. Mimi ni wa Machakos, mume wangu ni mtu wa Bomet, na utaona mbele kwa nini nimetaja Bomet.

Mtoto alipofika miezi miwili hivi nilianza kuona damu kwenye kinyesi chake. Haikuwa nyingi, ni vijistari vyekundu vilivyochanganyika na kamasi kwenye nepi. Jioni alikuwa akilia na kujikunja, na akicheua maziwa yanamwagika hadi shingoni. Daktari wa watoto alimkagua kama amechanika njia ya haja kubwa, akaagiza kinyesi kipimwe, akaniuliza pia kama chuchu zangu zimechubuka. Hakukuwa na lolote kati ya hayo. Akasema huenda ni mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe, inayotoka kwa ninachokula na kumfikia mtoto anaponyonya. Niache maziwa na chochote chenye maziwa, kisha nirudi baada ya wiki chache.

Niliacha. Nikazoea strungi. Nilijifunza kusoma maandishi madogo kwenye mkate, biskuti, majarini, hata kwenye vijipakiti vya viungo vya mchuzi. Damu ikakoma na kilio kikapungua. Siku ya kurudi kwa daktari ilipofika pesa zilikuwa zimebana, tukasema mtoto ni mzima, tutaenda atakapoanza kula.

Kisha mashavu yake yakawa mekundu na makavu, na mikunjo ya viwiko ikaanza kuchubuka. Mwenzangu wa kazini ambaye mtoto wake ana mzio aliniambia hayo ni mayai. Nikaacha mayai. Ukurutu ukapungua kidogo, ukarudi. Nikaacha soya. Nikaacha ngano, kwa hivyo chapati na mandazi kwaheri. Baadaye njugu, samaki, nyanya na machungwa. Leo sahani yangu ni wali, viazi, nyama ya mbuzi, sukuma wiki, malenge na ndizi. Nguo nilizovaa kabla ya mimba zinanipwaya. Nikichana nywele zinabaki kwenye kitana. Kwenye harusi ya binamu yangu nilibeba chakula changu kwenye mkebe nikaketi nyuma.

Mama mkwe alikuja kunisaidia. Mpango wetu ulikuwa abaki na mtoto nitakaporudi kazini mwezi ujao. Alifika na mursik, maziwa ya kuchachushwa ya kwao, kwenye kibuyu, na nilipokataa niliona uso wake ukibadilika, kwa sababu kwao ukimkatalia mtu maziwa umemkatalia mengi. Nilimweleza kila kitu. Akasikiliza, akasema sawa. Tangu siku hiyo aliamka alfajiri kunipikia uji wa wimbi, nami nikapata usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu nijifungue.

Juzi nilikuwa natafuta unga jikoni. Nyuma ya mkebe wa wimbi nikaona pakiti ya maziwa ya unga, imekunjwa na kufungwa kwa mpira wa kufungia pesa, karibu imalizike. Nilimuuliza. Hakukana. Alisema alikuwa akitia vijiko viwili vikubwa kwenye uji wangu kila asubuhi tangu wiki yake ya kwanza hapa, maana hawezi kukaa akitazama mke wa mwanawe akikauka. Kisha akaniuliza, "Umeona damu?"

Sijaona. Hilo ndilo linaloniumiza. Ngozi ya mtoto iko vilevile, kinyesi ni cha kawaida, usiku analala kama kawaida yake.

Nilimfokea. Asubuhi yake alipanda matatu akarudi Bomet. Mume wangu anasema mama alikosea, ila ametusaidia kujua ukweli, kwa hivyo nianze kula kila kitu, na nikirudi kazini mtoto apewe fomula ya kawaida ya dukani mchana. Shemeji zangu wananipigia simu, mmoja ameniambia nimemfukuza mama yao. Mfamasia aliponitajia bei ya maziwa maalumu ya watoto wenye mzio nilihisi miguu ikilegea. Jirani yetu anasema nitumie ya ngamia, yanapatikana Eastleigh. Mwingine ananiambia niende maabara nikapimiwe damu ya mtoto kwa vyakula vyote kwa mpigo. Na kwenye friza nina pakiti za maziwa niliyokamua wiki zile za uji. Sijui nimwage au niweke.

Kuna jambo naona aibu kulisema. Nilipoona ile pakiti, kabla hata ya hasira, nilitamani ningekuwa nimeona damu kwenye nepi. Ningekuwa na haki.

Naomba mawaidha. Niendelee, niache, au nimwachishe mtoto ziwa?

Mama Anayejinyima, Donholm

MSHAURI ANAJIBU

Mama mpendwa,

Niruhusu nianzie mwishoni mwa barua yako, pale ulipoona aibu. Hukutamani mwanao aumie. Umeacha chakula kimoja baada ya kingine kwa miezi, umekula peke yako nyuma ya ukumbi wa harusi, halafu pakiti iliyofungwa kwa mpira ikakuambia kwamba huenda hayo yote hayakuhitajika. Mtu akifika hapo hutamani ushahidi wowote kwamba taabu yake ilikuwa na maana. Wanaonyonyesha kwa masharti makali kama yako wengi wamewahi kuipitia fikra hiyo, ila hawaiandiki. Wewe umeiandika, na kwangu mimi hiyo ni dalili kwamba unaweza kuyatazama mambo haya bila kujidanganya.

Ninavyoielewa, barua yako imebeba mambo mawili. Moja ni kwamba mtu unayemtegemea alikulisha kwa siri kitu ulichomwambia wazi kwamba hukitaki. La pili ni kwamba mtoto hakuonyesha dalili. Mume wako ameyafunga pamoja kwa sentensi moja, kwamba mama alikosea lakini ametusaidia kujua. Ningependa tuyafungue, maana ukiyaacha pamoja kila ukikubali la pili utahisi umesamehe la kwanza, na kila ukikasirikia la kwanza utashindwa kulisikia la pili.

Tuchukue la mtoto kwanza. Alichokuanzishia daktari kilikuwa nusu ya kipimo. Mama anaacha maziwa kwa wiki mbili hadi nne, na dalili zikitulia anayarudisha kwa makusudi, huku akiangalia kama zitarejea. Nusu hiyo ya pili ndiyo inayotoa jibu. Watoto wengi wachanga wenye vijistari vya damu hupona wenyewe hata mama asipoacha chochote, kwa hivyo damu kukoma baada ya kuacha maziwa hakuthibitishi kwamba maziwa ndiyo yaliyoileta. Wewe ulifanya nusu ya kwanza vizuri sana. Nusu ya pili haikufanyika, na mtu mwingine akaja kuifanya bila kukuambia.

Je, aliifanya vizuri? Vijiko viwili vikubwa vya maziwa ya unga kila siku si kitu cha kupuuza, ni karibu nusu kikombe cha maziwa. Na mtoto alikuwa na mama anayekagua kila nepi. Kwa hivyo siwezi kukuambia kwamba wiki zile hazina maana. Lakini zinaweza kuwa na maana zaidi ya moja. Huenda tatizo halikuwa maziwa tangu mwanzo. Huenda lilikuwa maziwa na mtoto ameshalishinda, maana mzio wa aina hii, wa damu kwenye kinyesi kwa mtoto anayekua vizuri, mara nyingi huisha kabla au karibu na mwaka mmoja. Au huenda anastahimili nusu kikombe kinachopitia kwako, lakini ukirudia vikombe vitatu vya chai na bilauri ya mursik kila siku, damu irudi. Uji ule hauwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo matatu. Daktari anaweza kukusaidia kulijua, na ukienda mwambie kila kitu, pakiti ikiwemo. Hilo la pakiti litamfaa kuliko vipimo vingi.

Sasa niulize kitu taratibu. Maziwa uliyaacha kwa ushauri wa daktari, kwa sababu uliyoiona kwa macho. Mayai, soya, ngano, njugu, samaki, nyanya na machungwa uliviacha kwa sababu gani? Nimeisoma tena sehemu hiyo ya barua na sioni mahali unaposema ngozi ilipona ulipoacha kimojawapo. Unasema ilipungua kidogo kisha ikarudi, na ndivyo ukurutu unavyoenda hata kwa mtoto ambaye mama yake anakula kila kitu. Kwa watoto wengi shida huanzia kwenye ngozi yenyewe. Ni kavu, inapitisha mambo kwa urahisi, na inatulizwa kwa mafuta mazito yasiyo na manukato yanayopakwa mara kadhaa kwa siku, pamoja na krimu ya daktari inapohitajika. Je, kuna aliyekwisha kukuandikia tiba ya ngozi, au sahani yako ndiyo imekuwa tiba pekee?

Siulizi hivi ili ujione umekosea. Mtoto akiwa na shida isiyo na jina, kuacha chakula ni kitu ambacho mama anaweza kukifanya leo hii bila kusubiri foleni wala kulipa. Kinatuliza moyo. Ubaya wake ni kwamba hakina mwisho: mtoto akiwa sawa unaogopa kukirudisha, akiwa vibaya unatafuta kingine cha kuondoa. Orodha huongezeka tu.

Na orodha hii karibu itamfikia mtoto mwenyewe. Ana miezi mitano, na ushauri wa Shirika la Afya Duniani, unaofuatwa na kliniki zetu pia, ni kwamba akifika miezi sita aanze vyakula huku akiendelea kunyonya. Zamani madaktari walishauri mayai na njugu vicheleweshwe. Ushauri umegeuka. Mwaka 2015 ulitoka utafiti uliofanywa London kwa watoto wachanga wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai, na waliolishwa njugu mapema walipata mzio wa njugu kwa kiwango cha chini sana walipofika miaka mitano kuliko walionyimwa. Mtoto mwenye ukurutu ndiye hasa ambaye hatutaki anyimwe vyakula hivyo bila sababu, ingawa ni vyema daktari aseme aanze vipi, na njugu iwe ya kusagwa laini, kamwe si nzima. Kama hofu ya sahani yako itahamia kwenye bakuli lake, huenda ukamletea kile kile unachokikimbia.

Wewe nawe una mwili. Mama anayenyonyesha anahitaji takriban miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, na asipoipata kwenye chakula, mwili huichota kwenye mifupa yake. Umeondoa maziwa, na ulipoondoa samaki uliondoa pia omena, wanaoliwa na mifupa yao. Sukuma wiki na wimbi vinasaidia sana, lakini sijui kama baada ya yaliyotokea bado unaweza kuutazama uji. Muulize daktari au mtaalamu wa lishe kuhusu vidonge vya kalsiamu na vitamini D. Vituo vingi vikubwa vya afya vya kaunti vina mtaalamu wa lishe karibu na kliniki ya watoto, na huhitaji kwenda hospitali ya bei ghali kumwona. Kuhusu nywele, usilaumu chakula peke yake. Kutoka nywele miezi michache baada ya kujifungua huwapata wanawake wengi, hata wanaokula nyama choma kila Jumapili. Nguo kupwaya kuliko kabla ya mimba ni jambo jingine, na hilo mwambie daktari bila aibu.

Njia zilizo mbele yako ni kadhaa, na kila moja ina gharama yake.

Unaweza kuendelea hivi hivi. Itakupa utulivu wa kukijua kila kijiko. Utaulipa kwa afya yako, na kwa kutojua kamwe kama ulihitaji kujinyima.

Unaweza kufanya anavyotaka mume wako, ule kila kitu kuanzia kesho. Naelewa anakotoka, ametazama mke wake akipungua na hajui la kufanya. Lakini ukirudisha vyakula vinane kwa mkupuo na Alhamisi mashavu yawake, utamlaumu nani kati ya vinane? Nina hofu utarudi kwenye wali na viazi ukiwa na woga maradufu.

Unaweza kurudisha kimoja kimoja. Wengi huanza na vile vilivyoondolewa kwa sababu dhaifu zaidi, kwako labda nyanya na machungwa, kisha ngano, wakikaa siku kadhaa na kila kimoja kabla ya kuongeza kingine, na kuandika kwenye daftari walichokula na walichokiona. Maziwa yangekuwa na mpango wake na daktari. Njia hii ni ya polepole, na kuna siku mtoto atalia kwa sababu ya gesi au jino na utaapa ni chapati. Ndiyo maana ya daftari. Hofu ina kumbukumbu fupi.

Halafu kuna fomula, na hapa nitasema kwa mkazo. Mume wako anaona uji haukumdhuru mtoto, basi na fomula ya kawaida haitamdhuru. Hayo ni mambo mawili yaliyo mbali sana. Protini ya maziwa ya ng'ombe inayopita kwenye maziwa yako ni chembe. Chupa moja ya fomula ya kawaida imejaa protini hiyo yenyewe. Kuna watoto wanaostahimili ya kwanza na kushindwa na ya pili. Chupa ya kwanza isitolewe nyumbani kwa kujaribu, wala na mlezi ukiwa kazini, kabla daktari hajasema. Maziwa maalumu uliyotajiwa bei ni ghali kwa sababu protini yake imekatwakatwa vipande vidogo sana, au imevunjwa kabisa hadi asidi amino. Yapo kwa ajili ya mtoto aliyethibitishwa kuyahitaji. Wako bado hajathibitishwa. Fomula ya soya kwa kawaida haichaguliwi kwa mtoto wa chini ya miezi sita. Ya mbuzi isikushawishi, protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Jirani yako ana hoja kidogo kuhusu ngamia, kwani protini zake ni tofauti zaidi na wengi wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe huyastahimili. Wewe unaweza kumuuliza daktari kuyahusu, na yawe yamechemshwa. Lakini maziwa ya mnyama yeyote hayachukui nafasi ya ziwa lako au fomula kwa mtoto ambaye hajafika mwaka.

Maabara ya kupima vyakula vyote kwa mpigo, weka pesa yako. Mzio wa aina hii, unaoonekana kwenye kinyesi pekee, hauonekani kwenye vipimo vya damu. Na vile vinavyouzwa vya kingamwili za IgG huonyesha tu mwili umekutana na chakula gani. Utapewa karatasi yenye majina mengi yaliyopigiwa mstari mwekundu, na wewe, kwa jinsi nilivyokusoma, utayatii yote.

Umeuliza pia kuhusu kumwachisha ziwa. Mama aliyechoka kuliko mwili wake unavyoweza ana haki ya kulifikiria hilo, na sitakuhukumu. Nakuomba tu usiliamue juu ya orodha ya vyakula ambayo yenyewe haijahakikiwa. Kama kinachokusukuma ni kazi, sheria iko upande wako: Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri awe na mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na akupe nafasi ya kufanya hivyo hadi saa moja kwa kila saa nane za kazi, mbali na muda wa chakula. Wapo waajiri watakaojifanya hawajaisikia. Ulizia kabla hujarudi, kwa maandishi.

Kabla sijafika kwa mama mkwe, shika hizi dalili, hata kama hujawahi kuziona: mabaka yanayovimba mwilini, midomo au macho kuvimba, kupumua kwa shida, kutapika mfululizo hadi mtoto apauke na kulegea, damu nyingi, au kinyesi chekundu kama jeli. Hizo haziandikwi kwenye daftari. Ni hospitali saa hiyo hiyo.

Mama mkwe, sasa. Nadhani alikupenda kwa njia aliyoijua. Alikuona ukikauka, na kwao dawa ya mtu anayekauka inajulikana. Lakini pakiti iliwekwa nyuma ya mkebe. Mtu hafichi anachoamini unaweza kukikubali, kwa hivyo alijua anavunja neno lako, na hasira yako ina mahali pa kusimama hata kama mtoto hakuguswa. Ungekuwa na haki hata bila damu kwenye nepi. Ile haki uliyotamani kuithibitisha ulikuwa nayo tayari.

Swali gumu ni la mwezi ujao. Mpango ulikuwa abaki na mtoto. Akibaki, utahitaji kujua kwamba mtoto akianza kula, na ikitokea daktari amesema kitu fulani asipewe, hatapewa kijiko kwa siri eti tuone. Asipobaki, kuna yaya, au wale wanaolea watoto mtaani, na hao nao wana vijiko vyao. Angalau mama mkwe alikubali alipoulizwa. Si kila mlezi angekubali. Sikuambii umchague. Nakuambia swali la kumuuliza si "kwa nini ulifanya" pekee, ni "utafanya tena?", na jibu lake utalijua wewe kuliko mimi. Kuna wanaoweza kubadilika wakimsikia daktari mwenyewe akieleza. Wazo moja ni aende nanyi kliniki, aulize maswali yake yote, hata yale yatakayokuudhi. Kuna hatari kwamba ataegemea upande wa uji mbele ya daktari na wewe utasimama pale ukijisikia mtoto. Pima kama una nguvu za siku hiyo.

Kitu kimoja hukukiandika: kama mume wako alijua. Sisemi alijua. Nasema ni vizuri kumuuliza ukiwa umetulia, kwa sababu ulivyoeleza, amekuwa mwepesi kuona faida ya jambo lililofanyika. Na simu za shemeji zako si kazi yako kuzijibu. Hao ni ndugu zake na yule ni mama yake. Anaweza kuwaambia hakuna aliyefukuzwa, kwamba mke wake aliwekewa kitu kwenye chakula bila kuambiwa, na kwamba nyumba yao inalishughulikia. Akiweza kuyasema hayo bila wewe kusimama nyuma yake, utakuwa umejua jambo muhimu kumhusu. Akishindwa, pia utakuwa umejua.

Kuhusu maziwa kwenye friza: usiyamwage. Mtoto alinyonya maziwa hayo hayo moja kwa moja kutoka kwako wiki zile zote, na umesema hakuonyesha kitu. Yaandike tarehe, uyaweke upande wake, mbali na uliyoyakamua kabla na baada, kisha umwonyeshe daktari tarehe hizo mkipanga jinsi ya kurudisha maziwa. Kwenye friza inayogandisha sawasawa yanakaa vizuri hadi miezi sita. Kama friza yako ni kile kijisanduku kidogo ndani ya friji, au stima zinapotea sana upande wenu, usitegemee muda mrefu hivyo.